Nilitozwa Faini kwa Kosa la Kufundisha

Jumanne moja wanafunzi wangu walinitoza faini. Kosa langu lilikuwa kufundisha.

Sio utani. Nilisimama darasani, nikaanza kueleza kitu, na kabla sijafika katikati ya sentensi nikaambiwa niketi, niombe nafasi kwa mwenyekiti, na wiki ijayo nije na mandazi ya darasa zima.

Nikaketi. Mimi, mwenye darasa.

Wacha nianze mwanzo, maana hii kitu nikiieleza mbio mtasema nimetunga.

Naitwa Githinji. Naishi Landless, Thika, na mke wangu Beth na watoto wawili, na wakati huo wa tatu alikuwa njiani. Nilikuwa nafundisha Maendeleo ya Jamii, kozi ya diploma, kwa chuo kimoja ambacho jina lake naweka mfukoni. Ofisi kuu iko Thika, na tawi liko Ruiru, kule Mwiki, juu ya duka la hardware. Ukifundisha pale unashindana na mashine ya kukata vyuma.

Na mimi nilikuwa nashinda. Nina mdomo, bwana. Nikianza asubuhi, kitu pekee cha kuninyamazisha ni chai. Wanafunzi walikuwa wakiniita Redio, na mimi nikadhani ni sifa.

Sasa, muhula ule kandarasi yangu ilikuwa inaisha. Beth alikuwa ameacha kazi ya kiwandani kwa sababu ya ujauzito, kwa hivyo nyumba yote ilikuwa inaniangalia mimi. Kandarasi ikikatika, tumekwisha.

Ndipo Prinsipali wetu, Madam Jentrix, akaenda warsha Naivasha.

Ogopa mtu akitoka warsha ya Naivasha. Huenda akiwa mtu wa kawaida, anarudi na maneno mapya na begi ya bure. Akatuita walimu wote.

"Mambo ya kusimama mbele na kuhutubia watu yamepitwa na wakati," akasema. "Kuanzia sasa ni semina. Viti viwe duara. Mwanafunzi aongee, mwalimu asikilize."

Nikainua mkono. "Madam, na wasipoongea?"

"Kwa mwalimu mzuri wataongea."

Kisha akashusha sauti, ile sauti wakubwa hutumia wakitaka kukumaliza kwa adabu. "Mwisho wa muhula nitaketi kwa kila darasa. Semina ikiwa inaenda, tutaongea mambo ya kandarasi. Isipoenda, tutaagana kwa amani."

Jioni nikamweleza Beth. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Wewe, Baba Wangechi, unyamaze? Wewe huongea hata ukiwa umelala."

"Ni kazi, Beth."

Akaacha kucheka. "Basi nyamaza," akasema. "Nyamaza kabisa. Tunakuomba."

Jumanne ya kwanza nikapanga viti duara. Wanafunzi wakafika, wakaangalia viti, wakaniangalia. Wengine wakabaki mlangoni.

Kijana mmoja wa pale Mwiki anaitwa Njau, huyo huandika Sheng hata kwenye mtihani, akauliza polepole, "Mwalimu, kwani nani ameaga dunia?"

"Hakuna aliyeaga. Hii ni semina. Swali la muhula huu ni moja: kwa nini miradi ya wafadhili hufa mfadhili akienda? Mimi nasikiliza. Ongeeni."

Kimya.

Na hicho hakikuwa kimya cha kutojua. Ni kile cha shule zetu, cha mtoto aliyefundishwa tangu nasari kwamba ukiongea mwalimu akiwa nje, jina lako linaandikwa kwa wapiga kelele. Sasa hawa watu wazima, wengine na ndevu zao, ati niwaambie waongee na niko hapo hapo nawaangalia? Waliona ni mtego.

Mashine ya vyuma pekee ndiyo ilichangia.

Halafu Syokau akakohoa.

Syokau ni mama mmoja anauza mitumba Ruiru, alirudi masomoni akiwa na watoto wakubwa. Ni mwenyekiti wa chama cha sokoni. Ni kiongozi wa kina mama kanisani. Na nasikia kwa ploti anayoishi kuna kamati ya choo, na yeye ndiye anaiongoza.

"Mwalimu," akasema, "hatuwezi kukaa hivi kama watu hawana utaratibu. Watu wakikaa duara hufungua na maombi."

Darasa likasimama. Mtu akaomba, akaombea mpaka serikali. Tukasema amina.

"Sasa tuchague viongozi."

Nikafungua mdomo. Nikamkumbuka Beth. Nikaufunga.

Syokau akawa mwenyekiti, na hapo hakukuwa na ushindani. Njau akawa katibu, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Halafu wakatafuta mweka hazina, wakamchagua msichana anaitwa Lynn, kwa sababu hajawahi kuongea na watu hupenda mweka hazina asiyeongea. Pesa za kuweka hazikuwepo, lakini kamati bila mweka hazina ni kamati gani?

Aliyebuni hii semina, huko alikotoka, nadhani aliona ukiweka watu duara watajadiliana tu. Hakuwa anatujua. Sisi tukiona viti duara tunaona kamati.

Wiki ya pili nikafika nikapata ajenda ubaoni. Maombi. Kumbukumbu za mkutano uliopita. Yatokanayo. Mjadala. AOB, yaani mengineyo. Maombi ya kufunga. Jina langu lilikuwa chini kabisa, kwa wale waliohudhuria kwa mwaliko.

Na wakajadili kweli, sikatai. Lakini walijadili vile wanajua. Mtu anapendekeza, mwingine anaunga mkono, watu wanainua mikono. Siku hiyo ikapendekezwa kwamba umaskini hauletwi na uvivu. Wakapiga kura. Uvivu ukaanguka vibaya.

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikasimama.

"Jameni, nadharia haipigiwi kura. Ukiangalia vile wasomi..."

"Mwalimu," Syokau akasema, na hata hakupandisha sauti. "Umeongea bila kupitia kwa mwenyekiti."

"Madam, mimi ndiye mwalimu."

"Ndio maana tunakuonea huruma. Ni mandazi tu."

Njau akaandika. Aliandika akitabasamu, yule kijana.

Wiki iliyofuata nikabeba mandazi. Beth ndiye aliyapika. Aliponiuliza ni ya nini nikamwambia nimekosa adabu darasani, akaendelea kukanda unga.

Nilikuwa na hasira, nisiwafiche. Niliingia darasani siku hiyo nikiwa nimeamua kamati inavunjwa, viti vinarudi mistari, na Naivasha ibaki Naivasha.

Lakini wakati wa kula faini yangu, Syokau akageukia Lynn.

"Mweka hazina hajachangia tangu tuanze. Kwa kamati yangu hakuna abiria. Lynn, simama utuambie kwa nini mradi hufa."

Lynn anatoka Murera. Alikuwa anaketi pembeni, karibu na dirisha, na tangu ajiunge na chuo sikuwa nimesikia sauti yake. Kwa mawazo yangu nilikuwa nimeshamweka kwa wale watapita kwa shida.

Akasimama. Mandazi bado iko mkononi.

"Kupitia kwa mwenyekiti," akasema, sauti ndogo. "Kwetu kulikuwa na mradi wa maji. Watu walifunzwa, wakapewa na tisheti. Pampu haijawahi kuharibika. Lakini mwenye mradi alipoenda, watu waliacha kuteka maji."

"Kwa nini?" Syokau akauliza.

"Tangi liko kwa boma ya watu. Sasa utaingiaje kwa boma ya mtu kila asubuhi na mtungi? Lazima usalimie. Utaulizwa mama anaendeleaje. Utaambiwa ingia, kunywa chai. Kesho tena chai. Mpaka unaona haya. Ukichoka na chai ya watu unarudi mtoni."

Darasa likacheka, halafu likaacha kucheka.

Hiyo mada nimeifundisha miaka na miaka. Nilikuwa nikisema mradi hufa kwa ukosefu wa mafunzo, wanaandika, wanarudisha kwa mtihani, nawapa alama. Na huyu msichana alikuwa ameketi hapo, ananisikiliza, anajua kwao watu wamefunzwa na bado mradi umekufa, na hajasema kitu. Nani angemuuliza? Mimi, Redio, nilikuwa hewani.

Siku hiyo walibishana mpaka ile mashine ya chini tukaisahau. Njau akasimama akamwambia Lynn, "Manze hapo nakupinga. Kwani watu wa Murera wanaogopa chai?" Lynn akamjibu, na akamjibu tena. Mimi ulimi uliniwasha, nikaukalia. Na nilisikia raha, raha ambayo sikuwahi kuipata nikiongea.

Hapo ndipo nilianza kufundisha semina kweli. Na niwaambie walimu wenzangu wanaodhani ni njia ya uvivu: kuandaa hotuba ni rahisi, unafungua tu mdomo. Kuandaa swali moja ambalo watu wazima watalipigania asubuhi nzima, halafu uketi usilijibu mwenyewe, hiyo ni kazi ya punda. Nilikuwa nikitembea Landless nikitafuta swali. Beth akadhani nimepata mwanamke mwingine.

Mwisho wa muhula ukafika. Madam Jentrix akatuma ujumbe kwamba anakuja Ruiru Jumanne ijayo.

Nikaingiwa na baridi. Huyu mama atafika apate maombi, ajenda na faini ya mandazi. Atasema hii si semina, ni chama. Nikamwita Syokau kando.

"Madam Chair, siku hiyo tafadhali tusikae kama kamati. Watu waongee tu."

"Mwalimu, hilo si langu kuamua. Lilete mbele ya mkutano."

Nikalileta. Likapigiwa kura. Likaanguka.

Jumanne Madam Jentrix akafika na viatu vinavyolia ngazini. Syokau akamwonyesha kiti. "Tunamkaribisha mgeni wetu. Mgeni ataongea mwisho." Prinsipali mzima akaketi, akafunga macho na wengine wakati wa maombi.

Mjadala ukaanza. Mradi gani huishi? Njau akasema ni ule watu wametoa jasho lao. Lynn akasema hapana, kuna watu walitoa jasho na bado ukafa. Mradi huishi kama mwenye kuuleta alianza kuondoka mapema, kidogo kidogo, watu wakazoea. Wakararuana. Wengine wakaingilia, kila mtu akipitia kwa mwenyekiti. Madam Jentrix alikuja na simu mkononi, nikaona ameiweka kwa begi.

Mimi sikusema neno. Nilikuwa nimekaa pale nikihesabu kandarasi yangu kama imeshatiwa sahihi. Nilikuwa hata nimeshapanga vile nitamwambia Beth.

Wakafika AOB. Lynn akainua mkono.

"Kupitia kwa mwenyekiti. Tunajua Madam amekuja kuangalia mwalimu wetu. Ningependa aandikiwe shukrani." Akapumua. "Mimi nilikuwa naogopa kuongea. Mwalimu Githinji alinyamaza mpaka nikaongea. Na tumejadili hapa kwamba kazi nzuri ni ile mwenyewe akiondoka inaendelea. Ametufanyia hivyo. Hata asipokuja kesho, sisi tutakaa hapa tusome. Hatumhitaji tena. Naona hakuna mwalimu anaweza kufanya kitu kikubwa kuliko hicho."

"Naunga mkono," Njau akasema haraka.

"Wanaokubali kwamba mwalimu hahitajiki?" Syokau akauliza, kwa heshima zote.

Mikono yote ikainuka. Na mkono wa Madam Jentrix.

Nililia. Ndiyo, mwanaume wa Landless, mbele ya wanafunzi, nikatoa kitambaa. Sikuwahi kusifiwa hivyo maishani.

Ijumaa nikaitwa ofisini Thika. Madam Jentrix akanipa chai mwenyewe.

"Githinji, nimezunguka madarasa yote. Hakuna mwingine ameelewa hii njia kama wewe. Kwa wengine nilipata wanafunzi wanangojea mwalimu. Kwako niliona darasa linajiendesha."

"Asante sana, Madam."

"Kwa hivyo utaelewa nikikuambia hatutaongeza kandarasi."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Darasa lenyewe limepitisha," akasema, na alikuwa anasema kwa upole wa kweli, hiyo ndiyo iliniuma. "Kwa wale walimu wengine nikiondoa mtu, darasa litaanguka. Kwako haliwezi. Yule mama Syokau atakuwa mratibu wa semina, tutamsamehe karo. Wewe umemaliza kazi yako."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa cheti cha mwalimu bora wa muhula.

Walimu waliogomea kabisa semina, wale walikuwa wakijifungia na kusoma kitabu kwa sauti, wote wakaongezewa kandarasi.

Nikafika nyumbani. Beth akaangalia cheti, akaangalia uso wangu.

"Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kabisa?"

"Kabisa, Beth."

Akaketi pole pole, mkono mgongoni. "Labda ulinyamaza kupita kiasi," akasema. Halafu akaanza kulia.

Muhula mpya ulipoanza, Njau akanipigia.

"Mwalimu, niaje. Huku ni noma."

"Kuna nini?"

"Madam Chair amepanga viti mistari. Anasimama mbele anaongea mpaka chai. Hata maswali hataki."

"Na kamati?"

"Ameivunja. Ati sasa yeye ni staff, hawezi kaa duara na wanafunzi."

Nikamuuliza Lynn yuko aje. "Amerudi kwa dirisha," akasema.

Nikampigia Lynn mwenyewe. Nikamwambia asikubali kunyamazishwa, ainue mkono.

"Niliinua, mwalimu. Akasema maswali ni mwisho."

"Na mwisho ukafika?"

"Bado."

Baada ya hapo nikaacha kupiga. Ningemwambia nini? Mimi ndiye niliwaachia kile kiti cha mwenyekiti, nikasahau kwamba siku mtu atalipwa kukikalia, kitageuka.

Mtoto akazaliwa, msichana. Nami nikaitwa usaili kwa chuo kingine hapa hapa Thika. Wazee watatu mezani. Mmoja akauliza, "Mwalimu, wewe hufundisha kwa njia gani?"

Nilikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na Murera, na duara, na lile swali linalotafutwa barabarani. Nilikuwa hata na cheti kwa bahasha. Halafu nikafikiria maziwa ya mtoto.

"Mimi husimama mbele," nikasema. "Naongea mwanzo hadi mwisho."

Wazee wakaangaliana kwa furaha. "Huyo ndiye tumekuwa tukitafuta," yule wa katikati akasema. "Hawa wa siku hizi wanalipwa kuketi."

Nikaanza Jumatatu. Naongea, jameni. Naongea mpaka koo inakauka. Nimeambiwa nina mustakabali.

Najua wasomaji wa huku hupenda funzo, basi hili hapa, mlichukue vile lilivyo. Mwalimu ambaye darasa haliwezi bila yeye huongezewa kandarasi. Yule ambaye darasa linaweza bila yeye hupewa shukrani, chai na cheti. Chagua mapema, kabla ya kuoa.

Wiki jana nikiwa katikati ya hotuba, msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono nusu, akaushusha. Niliuona. Mkuu wa idara alikuwa anapita dirishani, kwa hivyo nikaendelea kuongea.

Baadaye nikaulizia jina lake. Anaitwa Ndila. Kesho tuna kipindi tena, na nimekaa hapa tangu jioni nikitafuta swali moja tu la kumuuliza, na Beth amenikataza.